Mpunga wa Ndevu

Kwa miaka ishirini na miwili Marselina wa Mvumi alilipwa kung'oa mpunga usiofanana na mwenzake. Mashamba ya mbegu hayana utani: shina moja refu likionekana katikati ya mafupi, mkaguzi anaweza kulikataa jaruba zima. Na Marselina alikuwa na jicho. Akisimama kwenye tuta tu, ameshaliona. Wakubwa wa shamba walimsifu, na sifa hizo zilimkaa moyoni, maana kwingine maisha hayakumsifu hata kidogo.

Nyumbani alilima mpunga wa mama yake: mrefu, wenye ndevu, unaonukia tangu unapochanua, unaovumilia maji hata yakiufika shingoni. Majirani walishauacha, wakitaka mbegu fupi za kisasa zinazojaza magunia. Kisha mafuriko yakabomoa nyumba yake na ghala, na mbegu yote ikaenda na maji. Aliililia kuliko alivyoililia nyumba. Likabaki bakuli moja tu, ambalo mwaka uliotangulia alimpa Nikolaus, mtafiti wa mpunga. Marselina alijiliwaza kwamba ipo siku atarudishiwa.

Msimu huu Nikolaus alimwajiri atunze jaruba lake la majaribio pale Chanzuru.

"Palilia, fukuza ndege," alimwambia, akapanda basi la Morogoro, akakaa huko wiki nzima. Msomi mzima, na hakueleza zaidi!

Marselina alipolitazama jaruba aliona aibu kwa niaba yake. Shina hili lilimfika kifuani, la pili yake halikuvuka goti. Hili limechanua, lile bado. Mbegu gani hii? Akamwonea huruma kijana wa watu, akakunja kanga, akaingia majini. Siku tatu aling'oa kila shina refu na kila lenye ndevu, akayalundika kwenye tuta juani. Harufu ilimpanda puani, akamkumbuka mama yake. Mikono haikusimama. Ilikuwa imezoea.

Nikolaus aliporudi alikuta mpunga wote umelingana.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimekusafishia. Mbegu yako ilichanganyika mno."

Nikolaus alichuchumaa kwenye tuta, akaokota suke moja lenye ndevu.

"Mama, nilitaka zitofautiane, ili nichague humo. Niliuchavusha mpunga wa mama yako kwa chavua ya ule mfupi, na hawa ni wajukuu wao. Yale marefu yenye ndevu ndiyo yaliyomfuata bibi yao."

"Si unayo mbegu nyingine?"

"Iliyobaki kwenye bakuli imekufa, nimeijaribu haioti. Ya wajukuu niliipanda yote hapa."

Hakumgombeza, na hilo ndilo lililomuumiza. Afadhali angemtukana. Marselina alipiga magoti kwenye lundo, akaanza kupukuchua suke moja moja kiganjani na kupuliza. Mapepe. Yalikuwa yameng'olewa kabla punje hazijajaa. Alipukuchua mpaka viganja vikachubuka, na kila alichopuliza kilipeperuka.

Hapo akapita Tumwagile, mwenzake wa zamani kwenye shamba la mbegu, akikokota baiskeli. Akasimama kulitazama jaruba.

"Hongera, Marselina! Limenyooka hilo. Jicho lako halijazeeka."

"Ahsante," alisema Marselina, akafuta viganja kwenye kanga yake.