Thelathini Toa Sita

Mwalimu Daphrose alikuwa hodari wa kufundisha kutoa, na alijijua. Wenzake pale shuleni Muhima walihangaika na ubao. Yeye alitumia vifuniko vya soda. Anaviweka mezani, anaficha vichache kiganjani, na darasa zima la kwanza linapiga kelele: vimebaki vingapi? Hata mtoto mzito alielewa.

Mwanzo wa mwaka ule wa 1991, mkuu wa shule alidai hesabu ya watoto kwa kabila, kama ilivyokuwa desturi. Mwalimu asome majina ya Watutsi kwenye daftari, wasimame, wahesabiwe, waketi. Daphrose alikuwa amefanya hivyo miaka yote bila kuwaza, maana kabila lililoandikwa kwenye kitambulisho chake mwenyewe halikuwahi kumletea shida. Mkuki kwa nguruwe!

Sasa asubuhi hiyo vifuniko alivisahau nyumbani, na watoto sita walikuwa bado wamesimama. Wazo likamjia.

"Tuko thelathini," akasema. "Hawa sita watoke nje. Tumebaki wangapi?"

"Ishirini na ine!" likanguruma darasa.

Akawapigia makofi. Alifurahi, na furaha hiyo ndiyo iliyomchoma baadaye kuliko kosa lenyewe. Alipogeuka kuwaita wale sita, wa mbele alikuwa Gaju, binti wa fundi cherehani, kasimama kwenye kizingiti bila kuthubutu kukivuka.

"Tunaweza rudi, mwarimu?"

Jioni mama yake alikuja, futi ya kupimia nguo bado iko shingoni. Hakugomba. Laiti angegomba!

"Mwarimu, mutoto ananiuliza yeye iko kitu gani. Mimi na baba yake tulikuwa tunamuficha, akue kwanza. Wewe ndiyo ulimwambia."

"Nisamehe, mama. Sikufikiri."

"Najua hukufikiri," akajibu yule mama, akaenda zake.

Daphrose aliona aibu hadi chakula kikamshinda. Kesho yake akarudi na vifuniko mfuko mzima, akamkalisha Gaju mbele, akawa anamwita "mama" kwa kumbembeleza, akampa yeye kazi ya kuvificha kiganjani. Mtoto alijibu kila swali sawasawa. Akaanza hata kucheka. Daphrose akajiambia watoto husahau upesi, na kwa kuwa alitaka sana iwe kweli, akaamini.

Muhula wa pili mkuu wa shule alidai tena hesabu ile, eti ya kwanza ilipotea. Daphrose angeweza kumwambia aandike sita, yaishe. Alikuwa ameipanga sentensi hiyo njia nzima. Lakini mkuu alikuwa amesimama mlangoni mwa darasa akisubiri, vita vilikuwa kaskazini, na mwalimu aliyekataa jambo aliulizwa maswali mengi. Akafungua daftari la majina.

"Watoto," akaanza.

Hakuendelea. Gaju alikuwa ameshasimama. Alikuwa amevirudisha vifuniko vyote mezani, ameshika mfuko wake wa daftari, naye anaelekea mlangoni peke yake. Mkuu akampisha.

"Keti, mama," Daphrose akasema. "Sijakuita."

Gaju akamtazama bila hasira, kama mwanafunzi anayemsaidia mwalimu aliyechoka.

"Hakuna shida, mwarimu. Mimi najua. Niko mu wale wa kutoa."