Jeneza Tupu la Wafula

Nakumbuka asubuhi moja nilipokimbilia kununua jeneza, mwanangu, na mpaka leo sijanunua kitu kingine kwa ujinga kama ule. Nakueleza haya kwa sababu tangu juzi nasoma mnayoandikiana kwenye grupu ya familia kuhusu mazishi ya shangazi yenu wa Bokoli, huyu akitaka ya kanisa peke yake, yule akitaka mila, na matusi katikati. Nikinyamaza nitakuwa nimekosa mara ya pili.

Ndugu yangu mkubwa aliitwa Wafula. Alizaliwa hapa Sirisia, akatahiriwa hapa, kisha akaenda Kitale kushona nguo. Huko akasilimu, akawa Yusufu, akamwoa Zainabu, binti wa watu wanaokaa karibu na msikiti. Mimi sikulipenda jambo hilo na sikulificha. Kila alipokuja nyumbani nilimwita Wafula kwa sauti ya juu, makusudi, naye alicheka tu na kuitika.

Siku hiyo Zainabu alinipigia simu saa moja asubuhi. Wafula hakuamka. Tulilia wote wawili, kisha akasema, "Shemeji, njoo na Baba haraka. Mazishi ni leo."

Leo! Sisi tunakaa na maiti wetu wiki nzima. Kuna matanga, kuna kwaya, wa Cheptais na wa Webuye wangojwe wafike, na siku yenyewe watu wahutubu mpaka jua liinamie upande wa pili. Kumzika mtu siku aliyokufa, kwangu mimi, kulikuwa kumtupa.

"Ati leo?" nikamwambia. "Ndugu yangu si kuku, bana. Msimguse, nakuja kumchukua." Nikakata simu.

Pale sokoni fundi alikuwa na jeneza la mvule lililo tayari. Pikapu tuliipata saa sita. Nikapanda nyuma na binamu zangu wawili kulishikilia jeneza, baba tukamketisha mbele na dereva.

Tulifika Kitale karibu na sala ya alasiri. Uani palijaa wanaume, kimya. Wafula alikuwa ameshaoshwa na kuvishwa sanda, amelazwa kwenye kitanda cha msikiti, kile kinachombeba kila mtu na kurudi. Hakuna aliyepiga nduru. Nikasema moyoni, hawa hawana uchungu. Nikasimama mlangoni, mikono yote miwili kwenye miimo.

"Hapa hatoki mtu," nikasema. "Huyu ni Mbukusu, analala kwao. Na bibi yake atakuja nyumbani, siku ya tatu anyolewe kama wanawake wa kwetu."

Shehe, mtu mpole, akaniomba tuketi tuzungumze. Sikuketi. Ndipo baba akapita chini ya mkono wangu, akaingia, akasimama mbele ya pazia la chumba walichokaa wanawake.

"Mama," akamwita Zainabu, "mtoto wangu alisema nini?"

"Baba, alisema azikwe kwa dini yake, hapa hapa. Lakini asizikwe kabla wewe hujamwona. Walitaka kumzika adhuhuri, mimi nikakataa. Nilikuwa nakungoja."

Wakamfunulia uso wa mwanawe. Baba akautazama kwa muda mrefu, kisha akanigeukia mbele ya watu wote.

"Wekesa, wewe unataka kuzika ndugu yako ama unataka kushinda watu?"

Nikageuza kichwa, nikalitazama jeneza kwenye pikapu.

"Basi toa mkono kwa mlango."

Nikautoa. Lakini aibu ilinigeukia kuwa hasira, nikaenda kuketi kwenye pikapu. Kutoka pale niliwaona wanaume wale wakigombania kuweka bega chini ya kitanda cha Wafula, hatua mbili wewe, hatua mbili mimi, na wengine machozi yanawatiririka. Baba alifuatana nao na fimbo yake. Aliniambia baadaye kwamba walimpisha mbele, akamtupia mwanawe udongo kwa mikono yake, mara tatu.

Mimi nilibaki nikilinda jeneza tupu. Ndugu yangu wa tumbo moja alizikwa karibu kiasi kwamba nilisikia majembe, na mkono wangu haukumtupia udongo. Hilo siwezi kulirekebisha, mwanangu, na linaniuma hadi leo.

Tuliporudi Sirisia, wazee wa ukoo wakataka tuzike mgomba kwa jina lake ili awe na kaburi nyumbani. Baba akakataa. "Mgomba tunazikia mtu aliyepotea. Wafula hajapotea, mimi nimeona mahali yuko." Akaita watu, mfariji wa matanga akasema maneno yake, sisi tukanyoa vichwa kama desturi yetu, na akaagiza nywele za Zainabu ziachwe. Jeneza hakuna aliyetaka kuliona bomani. Baba akanipa msumeno na nyundo, akaniamuru nilivunje mwenyewe, nitengeneze benchi.

Zainabu alikaa eda yake, miezi minne na siku kumi. Ilipoisha tu, akaja na watoto. Baba akamketisha kwenye benchi lile, akanituma nimletee maji. Nikampa kwa mikono miwili.

"Shemeji, nilikukosea."

"Ulikuwa umefiwa, shemeji," akasema, akanywa.

Sasa sikiliza. Kabla ya kubishana, ulizeni marehemu alitaka nini, na mumuulize aliyeishi naye. Lia kwa desturi yako na umwachie mwenzako alie kwa yake, hata kama kilio chake hukisikii. Wa kanisa, wa msikiti, wa mila, wote wanamrudishia Mungu mtu mmoja. Na nikiwa hai, ukoo huu hautavuta maiti huku na huku tena. Kesho mje wote hapa, mketi kwenye benchi lile, na swali langu litakuwa moja tu: shangazi alisema nini?

Mungu akupe umri mrefu, mwanangu, akupe na watu wa kukulilia. Na siku utakapomzika wako, akukute kando ya kaburi na udongo mkononi, asikukute kwenye gari.