Kadi Iliyomwacha Bosibori Nje

Nakumbuka asubuhi moja ya baridi, ukungu umelala juu ya mashamba ya chai, nilipokwenda kwa mpiga chapa Kericho na picha ya wanawake sita ndani ya bahasha. Tulikuwa kikundi cha kushona pale Chepilat: Kwamboka, Chelangat, Moraa, Chebet, Bosibori na mimi. Mwanangu, masomo yangu yaliishia darasa la tatu, lakini jina la mtu halinitoki.

Tulitaka kadi za kutuma kwa posta, walimu na wake wa wachungaji waone sare tulizoshona. Kupanga kadi nilipewa mimi. Nilimwambia mpiga picha aikuze picha hadi ijae kadi yote, nikaibandika kwa gundi kwenye karatasi ya ukubwa wa kadi. Nakwambia ukweli: nilikuwa nimesimama katikati, na nilipenda uso wangu.

Mzee Koskei, mpiga chapa, akaitazama sana.

"Msichana, huyu wa mwisho uso wake uko kwenye mstari wa kukata. Kisu kikikata kadi nyingi kinasogea, na hakina macho. Picha ipite mstari, lakini watu wakae ndani, upana wa kidole."

"Itatosha tu, mzee."

"Haya. Nitakutolea moja ya mfano. Wenzako wote waione, ndio nichape zingine."

Sikuwapelekea. Nilijiona mkubwa, nikaweka sahihi ya kukubali palepale. Haraka haraka haina baraka, wazee walisema. Mimi nilidhani wanaambiwa watu wengine.

Kadi zilipokatwa, uso wa Bosibori haukuwepo. Ulibaki mkono wake, begani mwa Chebet, na kipande cha rinda. Nilipaswa kusimamisha kazi hapo. Lakini nilijiambia, wateja watajuaje? Nikazipeleka posta zote kabla wenzangu hawajaziona.

Na huyo Bosibori, mwanangu, ndiye tuliyekuwa tunakula naye sahani moja. Kadi aliikuta ukutani kwa mke wa mwalimu. Akaja kwangu, akakataa kukaa, akakataa hata chai.

"Mkono wangu umefika kila mahali," akasema. "Mimi ulinipeleka wapi?"

"Ni kisu, Bosibori."

"Kisu kilikuwa na mwenyewe."

Akabeba cherehani yake, akarudi kwao upande wa Nyamira. Nilimwandikia barua mbili, hakujibu. Ya tatu niliionea aibu. Kifo chake nilikisikia kwa matangazo kanisani, ameshazikwa. Majuto ni mjukuu, na huyu wangu hajawahi kuhama. Wale wengine nao wamelala. Siku hizi napika chai ya mtu mmoja, naita majina sita, naitikia moja.

Sasa nisikie. Leo mnapanga kadi kwa kompyuta, lakini karatasi bado inakatwa. Rangi iliyo nyuma ya watu ipite mstari wa kukata. Maneno na nyuso ziweke ndani. Kadi ya mfano usiipitishe peke yako. Waonyeshe wote walio ndani yake, uanze na yule wa pembeni. Ukiona kosa kabla ya kutuma, simama, hata wakikucheka. Na ukimkosea mtu, barua haitoshi. Mwendee kwa miguu yako angali hai.

Mungu akupe watu wa kuzeeka nao, mwanangu, na akupe magoti yenye nguvu ya kuwafikia.