Kabeji Nane Zisizotiwa Mbolea

Nikisikia mtu akiwaambia watoto wa kidato cha nne wautumie vizuri mwaka wao wa mwisho, mimi hutafuta mlango. Niliyasikia ya kunitosha. Katika shule yetu ya bweni ya wasichana, upande wa Ruiri, Meru, tuliambiwa hivyo kwenye gwaride, kanisani, hata kwenye foleni ya githeri, mahindi na maharagwe yetu ya kila siku. Mwalimu wa zamu akikukuta unacheka anakuuliza, "Wewe ni kidato cha nne, unacheka nini?" Ati kicheko nacho kina siku yake ya kuruhusiwa.

Mwaka ule nilitaka kitu kimoja tu: niende chuo kikuu nikasomee kilimo. Kwetu ni Kianjokoma, huko Embu, ambako mama yangu analima chai kidogo na mboga nyingi. Nilitaka kurudi pale siku moja nikiwa afisa wa kilimo, mtu wa buti na daftari, niwaambie watu kwa nini nyanya zao zinakauka. Kwa hiyo nilihitaji alama kubwa katika somo la kilimo, na sehemu ya alama hizo haikutoka kwenye karatasi ya mtihani. Ilitoka shambani.

Kila mtahiniwa alipewa kipande cha ardhi nyuma ya maabara, kigingi chenye nambari yake, na maagizo. Zao letu lilikuwa kabeji. Mstari mmoja, kabeji nane, unautia samadi na mbolea. Mstari wa pili, kabeji nane nyingine, huutii kitu chochote. Kila Ijumaa unapima yote miwili kwa rula na kuandika, mpaka siku mtahini atakapokuja kulinganisha daftari lako na shamba lako.

Zile kabeji za mstari wa pili zilikuwa za kutia huruma, na ndivyo zilivyotakiwa kuwa. Majani ya njano, vichwa kama ngumi ya mtoto. Nilizipalilia na kuzinyweshea maji sawa na zile za mstari wa kwanza, nikazinyima mbolea tu. Wasichana wa Kimeru walicheka jinsi Kiembu changu kilivyojipenyeza katika kila neno, nami nikacheka jinsi walivyoshika jembe. Daftari langu lilikuwa safi kuliko yote, na mwalimu wa kilimo alilijua hilo ingawa hakuwahi kulisema. Huyo kumsifu mtu kulimuuma kama jino.

Halafu ikaja siku ya wazazi wa kidato cha nne, muhula wa pili, wiki moja kabla ya mtahini kufika.

Mama alifika na sweta yake ya kanisani na viatu vya kubana. Alikuwa ameondoka nyumbani alfajiri, akashuka Embu, akapanda tena mpaka Meru, akapanda tena mpaka shuleni kwetu. Hajawahi kuchelewa mahali, mama yangu. Wakamkalisha kwenye hema pamoja na wazazi wengine wamsikilize mgeni wa heshima, bwana mmoja mnene aliyesema kwa Kiingereza, kwa saa nzima na zaidi, kwamba mwaka wa mwisho ni dhahabu mkononi. Mama Kiingereza hakijui. Nilimwona akiinuka taratibu na kutoka, nikadhani anaenda chooni.

Hotuba ilipokwisha nikamtafuta. Nikamkuta nyuma ya maabara, penye kigingi cha nambari niliyokuwa nimemtajia likizoni, miguu mitupu, leso imefungwa kiunoni, mikono myekundu kwa udongo. Kabeji zangu nane za njano zilikuwa zimelala kwenye rundo pembeni, mizizi juu. Udongo wa mstari ule alikuwa ameshaulainisha vizuri kabisa, kama wa kitalu. Naye alikuwa anatabasamu.

"Nimekutolea aibu," akaniambia kwa Kiembu. "Wazazi wanapita hapa wanasoma nambari. Watauliza huyu asiyejua kulima ni mtoto wa nani."

"Mama, kila mtu ana mstari kama huo! Hujaona?"

"Nimeona. Hao wengine shauri yao. Wewe umetoka Kianjokoma."

Nilipiga kelele. Sikusema kwa sauti ya juu, la, nilipiga kelele, mbele ya wazazi waliokuwa wakipita na sahani za wali. Nilimwambia ameniua, kwamba mtahini alitaka azikute kabeji zile zikiwa mbaya vile vile. Nilimuuliza nani amemtuma. Akajaribu kunieleza kwamba mmea mgonjwa hauachwi karibu na mzima, jambo ambalo kila mtu kwetu analijua, nami nikamjibu neno ambalo mtoto hamwambii mzazi: "Wewe hujasoma, hujui kitu. Nenda nyumbani."

Akavaa viatu bila kufuta miguu. Chakula cha wazazi hakukionja. Nami sikumsindikiza hata getini, na nilijisikia nina haki kabisa.

Mwalimu wa kilimo nilipomweleza alicheka. Haki ya Mungu, alicheka. "Ungeanza kwa kumfundisha mama yako," akasema. Kisha akanieleza, kama mtu anayesoma ratiba, kwamba mradi wenye mstari mmoja hauna cha kulinganisha, na kwamba mtahini anakuja Alhamisi. Pole hakusema. Nilimchukia mtu huyo kwa moyo wangu wote, na miaka imepita na bado sijachoka.

Jumanne, saa ya uji, askari wa geti akaja kuniita. Mama alikuwa amerudi. Alikuwa amesimama langoni na gunia miguuni. Mwalimu wa kilimo alikuwa ameshafika kabla yangu, kikombe cha chai mkononi, na nusu ya darasa letu imejipanga kwenye ua kutazama.

Mama akafungua gunia. Ndani mlikuwa na kabeji nane, kila moja na udongo wake umefungwa kwa ganda la mgomba. Ngai, Mungu wangu! Sijawahi kuona kabeji mbaya namna ile. Ndogo, za njano, zenye matundu. Kianjokoma hupati kabeji mbaya kwa urahisi. Ilibidi apite nyumba kwa nyumba akiomba zile zilizodumaa chini ya mikaratusi na pembeni ya njia. Majirani walipouliza ni za nini, aliwaambia ni za sungura. Yeye ambaye watu huja kwake kuomba miche!

"Mama, umetuletea takataka?" mwalimu akauliza kwa sauti ya kusikika, na wasichana wakacheka.

Mama akamjibu kwa Kiswahili chake cha kuokota sokoni. "Mwalimu, mimi ndio nilikosa. Mtoto hajakosa. Hii kabeji ni kama ile ya kwanza, nimechagua mbaya sana. Wacha nipande."

Mwalimu akanywa chai yake. "Panda, tuone," akasema, akageuka kwenda zake. Ulikuwa udanganyifu, sikatai, na yeye alijua na mimi nilijua.

Mama akapanda peke yake. Alichimba shimo kwa mikono, akamwaga maji, akasubiri yanywewe, akaweka kabeji na udongo wake, akakanyagia kwa kisigino, akaenda inayofuata. Mimi nilisimama pembeni nimekunja mikono. Wenzangu walikuwa wanatazama na nilitaka waone kwamba simo. Alipomaliza akaniangalia, nami nikatazama saa.

Kabeji iliyokwisha kuanza kufunga kichwa haihamishwi. Ukiihamisha inalala. Hilo silo somo la shule, hilo hata mtoto wa kwetu anayechunga mbuzi anakuambia, na mama alilijua kabla hajabisha hodi kwa jirani wa kwanza. Alilijua njia nzima na gunia lake mapajani. Jumatano jioni majani yalikuwa yameanguka. Alhamisi mtahini alisimama mbele ya mstari wangu, akaniuliza kulikoni, nikamweleza ukweli wote kwa sababu uongo ulikuwa umelala pale chini na kila mtu anauona. Akaandika kitu, akasogea kwenye kigingi kingine.

Matokeo yalitoka Januari. Nilisimama jikoni kwetu na simu mkononi. Katika kilimo nilikuwa nimepata B, na B ilitosha. Kumbe lile daftari safi na karatasi mbili za mtihani zilikuwa zimenibeba. Kilichoniangusha ni kemia. Kemia nilipata D, na bila kemia hakuna anayekupokea kusomea kilimo, hata ungekuwa na kabeji za kujaza lori. D ile ilikuwa yangu mwenyewe. Mwaka mzima nilikuwa nasinzia katika somo lile na kunakili hesabu za jirani.

Mama alikuwa ameketi kwenye kigoda anamenya viazi. Hakuuliza nimepata nini. Uso wangu ulikuwa umeshamwambia. Alimenya kiazi kimoja, akakiweka kwenye sufuria, akachukua kingine. Kisha akauliza, bila kuinua macho, "Ni zile kabeji?"

Nilikuwa na hasira. Na mgeni wa heshima, na mwalimu, na wasichana waliocheka, na zaidi na mimi mwenyewe, lakini aliyekuwa mbele yangu ni yeye.

"Ndiyo," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa. Viazi akavimaliza, akaviosha, akabandika sufuria.

Mvua zilipokuja hakupanda kabeji. Pale mahali pake alipanda majani ya ng'ombe, na amepanda hayo hayo kila msimu tangu hapo. Watu wakimuuliza anasema kabeji siku hizi zimemshinda. Mimi nafanya kazi ya ofisini Meru mjini, nyumbani naenda kila mwisho wa mwezi, na bado sijamwambia.