Kiganja cha Mama Pasi

Pale mtaani hakuna aliyejisumbua kununua kipimajoto. Cha nini, na kiganja cha Mama Pasi kipo? Mtoto akiamka analialia, amekataa uji, macho yamelegea, mama yake alimfunga mgongoni akavuka uchochoro hadi kwenye kibaraza chenye ngazi mbili zilizomeguka. Mama Pasi alijifuta mkono kwenye gauni, akaweka kiganja kwenye paji la uso wa mtoto, kisha tumboni, kisha nyuma ya shingo. Alifumba macho kidogo. Halafu hukumu ikatoka. "Mpeleke hospitali sasa hivi, na usipitie kwako kubadili nguo." Au: "Mafua haya. Nenda kampe maji, na wewe ukapumzike, umekonda kama ufagio."

Na alikuwa hakosei. Hilo ni lazima lisemwe mapema, kwa sababu watu wakishajua mambo yalivyoishia hupenda kudai kwamba wao waliona zamani. Hawakuona. Fundi viatu wa pale kona ana binti anayesoma darasa la tano kwa sababu Mama Pasi alimfukuza ampeleke hospitali usiku wa mvua, yeye akidai mtoto ana uchovu tu. Tangu hapo fundi viatu alikuwa akimsalimia kwa kuvua kofia, na yeye ni mtu asiyewavulia kofia hata wazee wa nyumba yake.

Jina alilipata kazini. Miaka ishirini na saba alikuwa akinyoosha nguo katika duka la dobi, kwenye chumba cha nyuma chenye dirisha moja la wavu na meza ndefu iliyovalishwa blanketi kuukuu. Pasi zake zilikuwa nne, za chuma kitupu, za kupokezana: moja mkononi, tatu juu ya jiko la mkaa. Mashuka ya nyumba za wageni, mashati ya makarani, suruali za watu wanaotaka mkunjo wa kukata kidole, vyote vilipita mikononi mwake. Wageni wa kazi ile hushika mpini wa pasi kwa kitambaa kilichokunjwa mara nne. Yeye kitambaa alikiacha zamani, mwaka ambao hata mwenyewe haukumbuki. Nyumbani aliepua sufuria jikoni kwa mikono mitupu, akaenda nayo mezani bila haraka, huku akiendelea na maongezi. Wageni waliguna wakacheka. "Mama, wewe si mwenzetu, wewe ni wa chuma!" Naye alicheka nao, maana sifa alizipenda, na nani asiyezipenda?

Aliishi vyumba viwili na binti yake wa pekee, ambaye mumewe alikuwa dereva wa malori, mtu wa kuonekana nyumbani mara mbili kwa mwezi akiwa na vumbi na usingizi. Binti alipakia biskuti kiwandani. Geti la kiwanda lilifungwa saa moja kamili asubuhi, na mlinzi wake hakuwa na undugu na mtu. Kwa hiyo mtoto, mvulana wa mwaka mmoja na miezi minne, alishinda na bibi yake kwa dobi, ndani ya kapu pana la mashuka lililowekwa mlangoni, upande wa uani, mbali na jiko.

Bibi alimwita "mume wangu," kama bibi wanavyowaita wajukuu zao. "Mume gani huyu," alilalamika mbele za watu, "hajui hata kununua kiberiti. Chakula anakula, kazi hafanyi, na bado nambeba mimi!" Mume mwenyewe alimjibu kwa kumtupia vibanio vya nguo. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake duniani. Alipewa kopo la vibanio, akavitupa uani kimoja kimoja mpaka kopo likawa tupu, kisha akapiga kelele virudishwe. Aliyevirudisha alikuwa mfuaji wa duka, mwanamke mrefu aliyeitwa Dada Povu, ambaye mikono yake ilishinda ndani ya maji baridi tangu asubuhi hadi jioni.

Jumatatu jioni mtoto alitapika mara moja akalala mapema. Jumanne, kabla ya saa kumi na mbili, binti alitoka chumbani akiwa amekwisha mfunga mgongoni kwa mbeleko. Kadi ya kliniki ilichungulia kwenye mkoba.

"Mama, naona nimpeleke hospitali. Kawa wa moto tangu jana, na usiku alikuwa anashtukashtuka. Leo kazini basi, wakinifukuza wanifukuze."

Mama Pasi alikuwa ndiyo kwanza ameepua sufuria ya chai. Aliitua, akamsogelea mtoto, akaweka kiganja kwenye paji, tumboni, nyuma ya shingo.

"Hana joto huyu."

"Lakini mama, mimi nikimgusa..."

"Wewe umewagusa wangapi, mwanangu? Meno hayo. Magego yanatoka. Na wewe ulikuwa hivihivi, ukanikesheza siku tatu, kesho yake unakimbiza kuku." Alimpapasa mtoto shavuni. "Mume wangu kanuna tu. Mfungue, uwahi geti. Akibadilika nitampeleka mwenyewe."

Binti alisimama katikati ya chumba. Kwa muda kidogo alikuwa akipima: upande mmoja kifua cha mwanawe kinachomchoma mgongoni kupitia blauzi, upande wa pili mkono ulioamua mambo ya mtaa mzima tangu yeye mwenyewe hajazaliwa. Alikuwa amelelewa kwa ile ya asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na hakuwahi kufikiri kwamba iko siku anayesikia ndiye atakayevunjika. Alifungua mbeleko. Akamkabidhi mtoto, akambusu utosini, akatoka mbio.

Kwa dobi siku ile kulikuwa na mashuka mengi. Mtoto aliwekwa kapuni na kopo lake la vibanio. Hakuvigusa. Saa nne bibi alimletea maji kwenye kikombe chake chenye masikio, akageuza uso, maji yakamchuruzika shingoni. "Unaringa, siyo?" alisema bibi, akarudi mezani. Saa tano alimkuta amelala, akafurahi. Usingizi ni dawa, ndivyo alivyokuwa akiwaambia kina mama wote. Saa sita alimbadilisha nepi akaikuta kavu vilevile kama alivyoifunga asubuhi, na hilo nalo akaliona neema. "Leo umenipumzisha, mume wangu. Ungekuwa hivi kila siku, ningekuoa mara ya pili." Mtoto hakufumbua macho. Kimya kingi kina mshindo mkuu, wahenga walikwisha sema, na Mama Pasi methali hiyo aliijua kuliko wengi. Lakini mikono ilikuwa na kazi, na akili ilikwisha toa hukumu tangu asubuhi.

Ilikuwa saa nane Dada Povu alipokuja kulisogeza kapu, jua lilikuwa limeufikia mlango. Mikono yake ilitoka moja kwa moja kwenye pipa la kusuuzia. Aligusa mguu wa mtoto akaurudisha mkono kama aliyeshika kaa la moto.

"Mama! Huyu mtoto anaungua!"

"Acha masihara, nina kazi."

"Masihara gani? Njoo umshike!"

Mama Pasi aliweka pasi jikoni akaja, mkono mbele. Paji. Tumbo. Nyuma ya shingo. Alisikia ngozi laini ya mtoto, basi. Alitazama juu, amepatwa na hasira kidogo. "Mbona yuko sawa?"

Dada Povu alimwangalia. Kisha aliutazama ule mkono, kiganja kinene, cheupecheupe, kinachong'aa kama soli, na sauti yake ikashuka.

"Weka shavu, mama. Usiweke mkono. Weka shavu lako."

Mama Pasi aliinama akaweka shavu kwenye paji la mjukuu wake. Aliinuka upesi kama aliyepigwa kofi. Akaweka tena shavu. Kisha akaweka kiganja. Kisha shavu. Dada Povu alimpokonya mtoto akambeba, na alipomwinua, kichwa hakikuanguka mbele kama cha mtoto aliyelala. Shingo ilikaza kama kijiti, na mtoto akatoa sauti nyembamba ambayo hawakuwahi kuisikia kwake.

Waliyaacha mashuka mezani. Tajiri wao alipiga kelele kuhusu pasi zilizoachwa motoni, hakuna aliyegeuka. Walipofika hospitali, muuguzi wa mapokezi alimtazama mtoto mara moja tu, akawapitisha mbele ya foleni nzima, na wale waliokuwa kwenye mabenchi hawakulalamika. Dada Povu akakimbia kiwandani kumwita binti.

Binti alifika na kofia yake ya kazini kichwani, unga wa biskuti kwenye nyusi. Mtoto alikuwa kitandani, sindano ya maji imefungwa mkononi kwa kipande cha boksi ili asiukunje. Daktari, msichana wa umri wa binti mwenyewe, alikuwa akiandika.

"Yuko hivi tangu lini?"

"Tangu jana jioni," alisema binti.

"Maji amekunywa leo?"

Binti alimgeukia mama yake. Mama Pasi akatikisa kichwa.

"Amekojoa?"

"Hapana," alisema Mama Pasi. "Nepi ilikuwa kavu."

"Alikuwa akiamka vizuri? Anacheza?"

"Alikuwa amelala."

Daktari aliacha kuandika. Hakuwa mkali kwa asili yake, ilionekana. Alikuwa amechoka, na alikuwa na hofu. "Jamani. Mtoto mdogo asipokunywa, asipokojoa, akalala usingizi wa kutoamka, halafu shingo inakaza, huyo analetwa hapohapo, hata kama mwili wake ni baridi. Joto siyo kitu pekee cha kuangalia. Hapa tumepoteza masaa mengi sana. Nani aliamua kwamba asubiri?"

Mama Pasi alifungua mdomo. Maneno alikuwa nayo, yalikuwa matatu tu: ni mimi, daktari. Alimwona muuguzi akisikiliza, na kwenye benchi la mlangoni mke wa fundi viatu, aliyekuja kuchukua dawa zake, naye akisikiliza.

"Mimi," alisema binti. "Mimi ndiye mama yake. Niliona asubiri kwanza, nikaenda kazini."

Basi daktari akamwambia binti yote ambayo daktari humwambia mama aliyechelewa, na binti akayapokea ameinamisha kichwa, bila kujitetea hata kwa neno moja. Mama Pasi alisimama pembeni, akitazama kipande cha boksi kwenye mkono wa mjukuu wake. Alijiambia atasema kukitulia. Kulitulia, na hakusema. Jumatano ilipita nzima, wao wawili wakipokezana kiti kimoja, na hakusema.

Alhamisi, jua linachomoza, mtoto alifariki.

Msiba ulijaa. Mtaa ule watoto wake nusu walikuwa wamepita kwenye kiganja cha Mama Pasi, na mama zao wote walikuja, wakakaa kwenye mikeka hadi uchochoroni. Baba mtu alifika mchana na lori lake, akaliegesha barabarani, akashindwa kushuka, wanaume wakaenda kumshusha. Binti alikaa ameegemea ukuta, miguu ameinyoosha, macho makavu. Wanawake walimshika bega wakisema uchungu wa mwana aujuaye mzazi, naye akaitikia kila mmoja, "Ahsante, mama," kama anayepokea chenji.

Ilikuwa alasiri, watu wamepungua kidogo, mke wa fundi viatu alipomwinamia jirani yake kunong'ona. Ila alikuwa mtu ambaye mnong'ono wake unasikika nyumba ya tatu.

"Hawa mabinti wa siku hizi, shoga. Mtoto anaungua, yeye kakimbilia kiwandani. Nilimsikia kwa masikio yangu akimwambia daktari. Na nyumba moja anaishi na mtu kama Mama Pasi! Si angemwuliza tu mama yake?"

Jirani akaguna. Wawili wengine wakaguna. Binti alisikia, kila mtu alisikia, na hakuinua uso. Akakunja miguu taratibu, akayafunika magoti kwa kitambaa.

Mama Pasi alisimama. Goti lilimsumbua, akashika ukuta.

"Aliniuliza," alisema.

Wanawake wakageuka.

"Aliniuliza. Alikuwa kamfunga mgongoni, kadi iko kwenye mkoba, anakwenda. Mimi ndiye niliyemwambia amfungue. Nilimshika mtoto kwa mkono huu nikasema hana joto. Mkono huu hausikii kitu. Sijui haujasikia tangu lini. Na kule hospitali lawama akajitwika yeye mbele za watu, nisiaibike, na mimi nikamwacha. Nikanyamaza. Siku tatu nimenyamaza."

Mke wa fundi viatu aliziba mdomo kwa kiganja. Mtu mmoja alisema, "Pole, mama, kaa chini, ni mipango ya Mungu," na Mama Pasi akasema Mungu aachwe kwanza.

Binti ndiye aliyezungumza, kwa sauti ndogo, bila kumtazama.

"Alikuwa wa moto, mama."

"Ndiyo."

"Nilikuambia alikuwa wa moto."

"Uliniambia, mwanangu."

Hapo ndipo binti alipolia. Kilikuwa kilio kile kikubwa, cha kupinda mgongo, kilichokuwa kimemkwama tangu alfajiri, na wanawake wote waliomo mle ndani wakalia naye. Mama Pasi alijikokota hadi pale ukutani akaketi kando yake, akanyoosha mkono amshike. Binti akausukuma. Akaunyoosha tena, binti akausukuma tena, kwa nguvu zaidi. Basi Mama Pasi akairudisha mikono yote miwili mapajani, akabaki amekaa palepale kando yake hadi jioni, na hakuna kati yao aliyehama.