Ile Krrr Niliyoiga Miezi Saba

Kuna sauti moja niliiga kwa miezi saba. Siku nilipojua inatoka wapi, nilikimbilia nyuma ya jiko la harusi nikatapika mpaka nyongo.

Msinicheke bado. Someni kwanza.

Mimi ni Dady, wa hapa Kasongo. Napiga saksafoni kwenye fanfare, bendi ya tarumbeta ya kanisa letu. Kusema kweli tulikuwa wapigaji wawili, mimi na Blaise, na saksafoni ilikuwa moja.

Mmeshaona shida iko wapi?

Chombo kimoja, sehemu ya kupulizia moja, vinywa viwili. Na kinywa cha pili ni cha Blaise! Huyo bwana anakula sombe ya majani ya mihogo na ndakala, vile visamaki vikavu vyenye harufu, anapangusa midomo kwa mkono, mkono anaufutia kwenye suruali, halafu anachukua chombo cha watu. Mwili wote ulikuwa unanisisimka.

Kwa hiyo nikaweka sheria. Mimi napiga kwanza, siku zote, yeye anafuata. Mate ya mtu mwingine kwenye ulimi wangu? Hata kwa bunduki, sitaki.

"Hakuna shida, yaya Dady," Blaise alikuwa anasema, maana kwetu yaya ni kaka mkubwa. "Miye niko nyuma yako."

Mpole mpaka anaudhi.

Basi najitafunia karanga zangu za kukaanga, maana niliamini zinalainisha koo, napiga, nikimaliza namwachia. Nasogea pembeni namtazama anavyokitia chombo mdomoni hivyo hivyo, bila hata kukipangusa. Uchafu gani huu, jamani! Nyani haoni kundule, nilikuwa nasema moyoni.

Mwenye saksafoni alikuwa Papa Grégoire. Zamani alipiga jazi na bendi moja ya Bukavu. Meno ya mbele yalipomtoka akashindwa kupuliza, akarudi Kasongo kutufundisha. Somo lake halikubadilika.

"Dady, noti zako ziko zote sawasawa, kama maaskari kwenye gwaride. Nani atacheza na maaskari? Chelewesha moja. Ruka ingine. Nyamaza kidogo, watu wangojee. Halafu pamba! Weka kanoti kadogo mbele ya noti kubwa, kagonge mulango mbele ya kuingia."

Nilikuwa naitikia kwa kichwa. Vidole vinaendelea na gwaride.

Ila Blaise alikuwa na kitu. Kabla ya noti ndefu, ndani kabisa ya chombo, ilikuwa inasikika sauti fulani: krrr. Anangoja kidogo. Krrr. Halafu noti yenyewe inatoka, ndefu, nzito, na wamama wa kwaya wanashika vifua.

"Mutoto huyu iko analia na moyo," alisema Mama Cécilia, mkubwa wa kwaya.

Wivu ulinikaba. Mtu mchafu vile, anatoa wapi nakshi nzuri vile?

Siku moja baada ya mazoezi, Papa Grégoire akatuketisha.

"Binti yangu Emmanuella ataolewa Kabambare mwaka huu. Mutapiga wote wawili, kila mutu wimbo wake. Mwenye atapamba wimbo wake muzuri zaidi, saksafoni ni yake. Miye nimezeeka. Sitaki nife nayo."

Ni yake! Nilijiona na saksafoni yangu peke yangu, hakuna tena midomo ya ndakala. Niliitaka kuliko kitu chochote duniani.

Nikaamua kuiba ile krrr.

Kila asubuhi nilikuwa naingia kwenye shamba la mihogo nyuma ya nyumba, nasukutua maji kooni, natetemesha ulimi, nakusanya mate nyuma ya meno nayapulizia. Krrr. Krrrrr. Mama yangu akaja kuchungulia.

"Dady, uko mugonjwa?"

"Hapana, mama. Ni jazi."

Alitikisa kichwa akaondoka. Ilikuwa inatia kinyaa, siwafichi. Lakini mwezi wa saba wa kuiga niliipata, nikaiweka kila mahali, mbele ya kila noti.

Harusi ikafika. Asubuhi ya safari, Papa Grégoire aliiosha saksafoni kwa mkono wake mwenyewe, maji ya moto, sehemu moja moja, akaikausha na kuifunga kwenye kitenge. Akaipakata mapajani kwenye pikipiki mpaka Kabambare. Njia yote ni matope na mashimo, mgongo ulibaki huko huko.

Kesho yake, uwanja wa harusi umejaa, nikajisogeza mbele kama kawaida yangu. Papa Grégoire akanizuia kwa fimbo.

"Leo Blaise anaanza."

"Papa! Na mate yake?"

"Utapangusa."

Nikarudi kwenye benchi nimenuna, nikatoa karanga zangu, nikaanza kutafuna.

Blaise akapuliza. Nikatega sikio. Hakuna krrr! Noti ndefu ya kwanza, kavu. Ya pili, kavu. Nikachekea ndani ya shavu. Kwisha habari yake.

Lakini pale krrr ilipokuwa inakaa, aliacha nafasi. Ananyamaza, watu wanangojea, mtu anasimamisha hata kikombe mdomoni. Halafu vinoti viwili vidogo vinagonga haraka, na noti kubwa inaingia imechelewa, tamu. Bibi mmoja wa upande wa bwana harusi alisimama na fimbo yake akaanza kucheza. Uwanja mzima ukamfuata.

Zamu yangu. Nikapangusa pa kupulizia mara tatu kwa kitambaa, na bado nilisikia ladha ya ndakala, ingawa siku hiyo Blaise hakuwa amekula chochote.

Nikamwaga nakshi zangu zote. Krrr! Krrrr! Krrr-krrr!

Shangazi wa bibi harusi akashtuka.

"Huyu anatapika? Mumupe maji!"

Watu wakaangua kicheko. Emmanuella mwenyewe alivuta shela akajifunika pua. Nikaendelea noti kumi hivi, nikashindwa, nikasimama kati ya uwanja masikio yakiwaka moto.

"Mbona Blaise akifanya hivi munapendaka?" nililia.

Papa Grégoire akaja. Alichukua saksafoni, akachomoa shingo ya chombo, akaigonga kwenye kiganja. Yakatoka mate, na ndani ya mate, vipande vyeupe vimetafunwa nusu. Akanisogezea kiganja mpaka puani.

"Hii ni nini?"

Harufu ilikuwa inajulikana.

"Blaise, weye unakulaka karanga?"

"Hapana, Papa. Nikikula karanga inaniumizaka tumbo. Kila mutu anajua."

Nilijua hata mimi.

"Dady," Papa akasema polepole, "siku zote unapiga kwanza. Unamuachia mate yako na karanga zako humu ndani. Yeye akipuliza, vinachemka. Ile krrr ni ya kwako."

Niligeuka kumtazama Blaise. Alikuwa anatazama chini.

"Sikutaka kukutia haya, yaya. Ulikuwa unasema sana mambo ya usafi. Nikaona niiwekee tu nafasi, mbele ya noti ndefu, pale isiharibu wimbo."

Miezi saba. Miezi saba naiga mate yangu mwenyewe! Na yule niliyemwita mchafu ndiye aliyekuwa anayatia kinywani kila siku, bila neno, ili mimi nisiaibike.

Hapo ndipo nilipokimbilia nyuma ya jiko.

Niliporudi, saksafoni ilikuwa shingoni mwa Blaise. Papa Grégoire hakunipandishia sauti.

"Huyu alipewa uchafu, akaufanya nakshi. Weye ulipewa nakshi, ukaifanya uchafu."

Nikampa Blaise kitambaa changu apanguse pa kupulizia.

Blaise bado ananiazima chombo chake, ndivyo alivyo. Ila sheria imebadilika. Yeye anapiga kwanza, mimi napokea baada yake, mate na vyote, na nikimaliza naosha mimi. Sasa naacha nafasi katikati ya noti. Papa Grégoire anasema maaskari wangu wameanza kuchechemea, na kwake hiyo ni sifa.

Wewe unayesoma hapa, kama kuna mtu anakutia kinyaa kila siku, kabla hujamtemea mate, kumbuka kwanza ulimwachia nini ulipomaliza zamu yako.

Karanga nimeacha.