Ngamia Juu ya Nyanya Yangu

Sijawahi kuona ngamia. Naanza na hilo kwa sababu hapa Kasongo watu wangali wananisimamisha njiani kunisifu kwa ngamia wangu wawili, na kila wanaponisifu nataka kutema mate.

Nilikuwa na miaka kumi na saba, mwaka wa mwisho katika shule ya misheni. Padri mkubwa, ambaye sote tulimwita Mompe, alinipa amerikani, kitambaa kirefu kama ukuta, akaniagiza nichore jangwa la Yohana Mbatizaji. Kingetundikwa nyuma ya wachezaji siku ya mchezo wa kuigiza, kabla ya mvua kurudi. Hakuna aliyewahi kunifundisha kuchora. Nilijifunza mwenyewe kwa makaa juu ya mlango wa jiko, nikifuta na kurudia, hata mama akalalamika kwamba mlango unakonda. Sasa Kasongo nzima ingeitazama kazi yangu. Nilitafuna kucha mpaka zikatoa damu.

"Mompe, jangwa liko namna gani?"

"Mchanga. Mchanga mtupu, hakuna mtu."

Kiangazi hicho baba alipata karatasi ya ruhusa: siku kumi na nne za kuacha shamba la pamba, ile pamba ya lazima, twende Nyangwe kwa nyanya aliyemzaa mama. Ndiyo, tuliomba ruhusa kwa mzungu wa serikali ili kumsalimu nyanya yetu. Nilipokuwa mdogo nilidhani dunia yote iko hivyo.

Amerikani niliibeba kichwani njia nzima. "Nguo sita za watoto," mama alisema nyuma yangu, "zinaenda kupakwa matope."

Nyangwe mto ulikuwa umepungua na mchanga umejitokeza katikati ya maji, mweupe na mpana, unatembea juu yake mpaka nyayo zinaungua. Watu walikuwa wamehamia huko, wamejenga vibanda vya matete, wanakausha samaki kwa moshi. Nikasema moyoni, hili ndilo jangwa langu.

Siku za kwanza nilichora mchanga tu, kwa masizi na pemba, ule udongo mweupe. Mara tatu niliona mistari imepinda, mara tatu nikakifua kitambaa mtoni. Nilitafuta utupu, lakini kila nilipoinua macho nyanya alikuwa amepita mbele yangu na kikapu cha samaki.

"Nyanya, sogea kidogo. Jangwa haina mutu."

"Haina mutu? Na mimi niko nini, gogo?" Akatua kikapu. "Huyo Yohana wako alikuwa anakula nini?"

"Nzige na asali."

"Basi kulikuwa mutu wa kumuonyesha nyuki wako wapi. Andika huyo mutu."

Akaenda zake akicheka. Nami nikamchora: mgongo umeinama chini ya kikapu, nyayo zikitoka majini mpaka kwenye kibanda. Mwili wake, kikapu na nyayo nilivipaka ngula, unga mwekundu wa mti. Utomvu wa kushikisha rangi ulikuwa umekwisha, na katika haraka yangu nikakoroga ngula kwa mawese. Kosa la mtu asiye na mwalimu! Mawese hayakauki. Jioni upepo ukavuma, mchanga ukanata juu ya nyanya yangu toka kichwani hadi miguuni. Nikalia, mimi mwenye ndevu changa, nikaanza kuukwangua kwa ukucha.

"Acha," nyanya alisema. "Sasa iko na mchanga ya kweli."

Nilitazama. Chembe zilikuwa zinang'aa. Kwa mara ya kwanza maishani niliacha kosa kama lilivyo, na usiku huo nililala vizuri.

Tuliporudi, Mompe alitandika kitambaa sakafuni pa shule.

"Huyu nani?"

"Nyanya yangu, Mompe."

"Katika jangwa la Yohana?" Aligusa kwa kidole, akaona mafuta, akakipangusa papo hapo, juu ya uso wa nyanya. "Chafu." Akanipa kadi ya rangi iliyotoka kwao: mchanga wa manjano, mitende, ngamia wawili. "Paka chokaa. Anza upya."

Mtu huyo alikula samaki wa Nyangwe kila Ijumaa. Nani alidhani anawakausha? Lakini nilisema, "Ndiyo, Mompe." Chokaa niliikoroga mimi. Brashi niliishika mimi, nikaanza na kichwa cha nyanya ili nisiendelee kukiona. Na liko baya zaidi: wale ngamia niliwachora kwa moyo wote. Nilipima miguu yao kwa uzi. Kope zao zilinichukua siku tatu.

Siku ya mchezo jumba lilijaa, na joto likapanda. Yohana alikuwa anahubiri nilipoona nyayo. Mawese yalipenya chokaa, nazo zikatoka taratibu, nyekundu, chini ya matumbo ya ngamia. Halafu mgongo. Halafu kikapu. Mompe, mstari wa mbele, shingo yake ikaiva.

"Mama!" ikapaa sauti kutoka benchi za wanawake, sauti ya mama yangu, ambaye misheni huwa ananong'ona tu. "Huyo si mama yangu?"

Watu wakaangua kicheko. Yohana akageuka kutazama, akasahau maneno yake.

Watu walipotoka Mompe aliniletea ndoo ya chokaa kwa mkono wake mwenyewe. "Paka tena."

Sitajisifu kwa ushujaa ambao sikuwa nao. Nilimwambia tu jambo ninalolijua kuliko yeye.

"Hapana, Mompe. Atatoka tena."

Akavua koti, akapaka mwenyewe, kwa hasira, tabaka mbili. Jumapili iliyofuata nyayo zilikuwa zimeshafika kwenye kibanda.